Usimpe mtoto jibu la historia, muulize: Umejuaje?

Magharibi imeshaswaliwa, chakula bado kiko jikoni, na mtoto wa darasa la sita anakuja na daftari mkononi. "Baba, mwalimu anataka sababu tano za Vita vya Maji Maji. Tunakusanya kesho asubuhi."

Ndugu msomaji, hali hii si ya nyumba moja wala mbili. Ipo Temeke na Ilala, ipo Tanga, na ipo Mombasa kwa ndugu zetu ambao swali lao huwa la Mekatilili wa Menza au la Wamazrui. Baba katoka kazini na foleni imemchosha. Anakumbuka mawili matatu ya Maarifa ya Jamii aliyosoma zamani: kodi, kazi za kulazimishwa, ukatili wa Wajerumani. Anayataja, mtoto anaandika, wanalala. Asiyekumbuka kitu anamwambia mtoto akamuulize mwalimu wa tuisheni. Na siku hizi kaka mtu anachukua simu, anaiuliza programu ya akili mnemba, na kabla maji ya chai hayajachemka jibu limeshatoka, tena limepangwa vizuri kuliko la mwalimu mwenyewe.

Kesho yake mtoto anapata tano kwa tano na sisi wazazi tunafurahi. Lakini hivi kweli tumemsaidia?

Mchukue mtoto huyo huyo umuulize swali moja tu: umejuaje kwamba kodi ilikuwa sababu ya vita hivyo? Atakutazama. Atasema, "Baba si umeniambia wewe?" Au atasema imeandikwa kitabuni. Au atasema simu imesema. Hayo siyo majibu. Mtoto amebeba mzigo asiojua umetoka wapi, na kesho mtu mwingine mwenye sauti kubwa kuliko yako atambebesha mzigo mwingine, naye ataupokea vile vile.

Watu wengi wanadhani historia ni somo la kukariri majina na miaka. La hasha! Historia ni elimu ya kupima habari. Na kama kuna watu ambao hawakutakiwa kukumbushwa jambo hili, basi ni sisi Waislamu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Maimamu wa hadithi kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Muslim, aliyefariki mwaka 875, hawakuuliza tu "kimesemwa nini?" Waliuliza nani kasema, kasikia kwa nani, walikutana lini, huyo msemaji kumbukumbu yake ikoje, na je, ana hamu gani na jambo hilo. Mtoto wetu anayekwenda madrasa jioni anafundishwa kwamba hadithi ina sanadi na matini. Asubuhi anakwenda shule anaambiwa andika sababu tano, na hakuna mtu, si ustadhi wala mwalimu wala mzazi, anayemwambia kwamba ile elimu ya jioni ndiyo hasa inayotakiwa kwenye lile somo la asubuhi.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 hapa Tanzania umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Kwa hiyo ule udhuru wetu wa zamani, kwamba Kiingereza cha mtoto kimetushinda, umekwisha. Maswali yanakuja nyumbani kwa lugha ya bibi na babu. Basi tuone namna ya kumsaidia mtoto bila ya kumwandikia.

Kabla ya yote, mwache alisome swali kwa sauti. Makosa mengi yanatoka hapo. "Taja" si "eleza," na "eleza" si "jadili." Anayeambiwa ataje atoe orodha. Anayeambiwa aeleze aseme ilikuwaje na kwa nini. Anayeambiwa ajadili aonyeshe pande mbili na aseme yeye anaegemea wapi. Hilo ni dakika moja tu, tusilikalie sana.

Sasa turudi kwa Maji Maji. Vita ile ilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale Nandete, kwa watu kung'oa mashina ya pamba. Badala ya kumtajia mtoto sababu, muulize: kwa nini waling'oa pamba na si mahindi? Atanyamaza, atafikiri, atarudi kwenye kitabu. Humo atakuta kwamba serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imewalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, wakisimamiwa na maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakiachwa nyasi. Hapo mtoto amepata sababu, na amepata ushahidi wake: mche uliong'olewa. Hatasahau tena.

Kisha muulize swali la pili: na Wangoni, nao waling'oa pamba? Hapa panapendeza, kwa sababu ule mpango wa pamba ulikuwa wa pwani ya kusini. Wangoni waliingia vitani na machungu yao mengine, yakiwemo ya watawala wao kunyang'anywa madaraka. Kumbe basi hizo "sababu tano" hazikuwa tano za watu wote kwa wakati mmoja. Kila mahali palikuwa na lake, na maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, ndiyo yaliyowaunganisha watu wenye machungu mbalimbali. Mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kulielewa hilo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna suala la hesabu ya waliokufa. Kitabu kimoja kitamwambia 75,000. Kingine kitamwambia kati ya 250,000 na 300,000. Mtoto anakuja kulalamika kwamba vitabu vinapingana, na mzazi anamwambia, "Andika ile ya mwalimu." Usimwambie hivyo! Mwambie atafute kila hesabu imetoka kwa nani. Ile ya 75,000 ni makadirio ya upande wa Wajerumani, yaani ya wale wale waliochoma mashamba na maghala ya chakula ili watu wasalimu amri kwa njaa. Ile kubwa ni ya wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, waliotazama ukubwa wa ile njaa. Mtu anayehesabu wafu aliowaua yeye mwenyewe ana sababu ya kupunguza. Na mtu anayekadiria miaka sitini baadaye naye aulizwe amekadiriaje. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 aliwasema vikali wanahistoria waliokuwa wakinakili hesabu za majeshi bila kupima kama nchi husika ingeweza kulibeba au kulilisha jeshi la namna hiyo. Huyo ni mwanachuoni wetu, na somo lake linafaa kabisa kwenye daftari la mtoto wa Mbagala.

Umejuaje? Swali hili ndilo lililowatoa wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, wakaenda vijijini kusini kuwahoji wazee waliokuwa bado na kumbukumbu za Maji Maji. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya habari iliyoandikwa ilitoka kwenye mafaili ya Wajerumani, ambamo Mmatumbi hana sauti isipokuwa anapohukumiwa. Wale vijana wakarudi na maneno ya wazee, yakalinganishwa na mafaili. Mengi tunayosoma leo juu ya vita hiyo yamejengwa juu ya kazi ile ya wanafunzi.

Na upo mfano ulio karibu zaidi na sisi watu wa mjini. Mzee Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929 na pia wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Karatasi zile zilibaki katika familia. Mjukuu wake, Daisy, binti wa Abdulwahid Sykes, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitumia kuandika kazi yake ya masomo juu ya babu yake, na mwaka 1973 ikatoka kama sura katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Kazi ya mwanafunzi, iliyotoka kwenye sanduku la nyumbani! Watu wengi wanaolalamika leo, na wana haki ya kulalamika, kwamba mchango wa wazee wetu wa Gerezani na Kariakoo katika harakati za uhuru umeandikwa kwa uchache, wenyewe wana masanduku kama hayo. Yana picha, kadi za TANU, barua, risiti za michango. Yanaliwa na mchwa. Tutalaumu wengine mpaka lini, hali ushahidi tumeuweka juu ya kabati na mtoto anatafuta kitu cha kuandika?

Tuje kwenye miji ya pwani, swali ambalo haliachi kuulizwa: nani walijenga Kilwa? Wakati wa ukoloni jibu lilikuwa jepesi. Walisema wageni kutoka Uajemi na Uarabuni walikuja wakajenga, na mwenyeji alikuwa mtazamaji. Baada ya uhuru wako waliogeuza upande wa pili kabisa, kwamba mgeni hakuwa na lolote. Mtoto anatakiwa achague. Sisi tumfundishe kwanza awaulize mashahidi.

Shahidi mmoja ni Ibn Battuta. Huyu alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Anasema wakazi wengi wa mji ni Wazanji, weusi, wenye chale usoni. Ni shahidi wa macho, na hilo ni jambo kubwa. Lakini anasema mji umejengwa kwa mbao, wakati leo ukienda Kilwa Kisiwani unakuta magofu ya mawe, ukiwemo Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Mbona hivyo? Mtoto mwerevu atapaza sauti kwamba mmoja kadanganya. Mwambie asikimbilie huko. Ibn Battuta hakuandika akiwa Kilwa. Alisimulia habari zake na zikaandikwa na Ibn Juzayy, kazi ikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Inawezekana alichanganya miji, inawezekana nyumba nyingi za watu wa kawaida hazikuwa za mawe, na hizo huoza zisionekane leo. Mtu mkweli anaweza kusahau, na ndiyo maana wanachuoni wa hadithi walipima uadilifu wa mpokezi na kumbukumbu yake pia, vyote viwili.

Shahidi mwingine ni tarikh ya Kilwa yenyewe, inayosimulia kuja kwa Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz. Lakini iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 16, karne kadhaa baada ya tukio, wakati Wareno walikuwa wameshaushambulia mji mwaka 1505 na watawala walikuwa na haja ya kuonyesha utukufu wa asili yao. Shahidi wa tatu ni ardhi. Wachimbaji wa mambo ya kale kule Shanga, kisiwani Pate, walikuta chini ya misikiti ya mawe alama za misikiti ya miti na udongo iliyotangulia, wa kwanza ukiwa mdogo sana, wa karne ya 8 hivi. Maana yake mji ulikua polepole kutoka kwa wenyeji. Haukushushwa tayari kutoka jahazini. Na mwaka 2023 ukaja ushahidi wa nne. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya watu wa kale wa pwani, uliochapishwa katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba kuanzia kiasi cha mwaka 1000 kulikuwa na kuchanganyika, hasa kina mama wa Kiafrika na kina baba wenye asili ya Uajemi.

Basi lile jibu la mkoloni limeanguka, na lile la kulipiza nalo limeanguka. Bibi zetu waliosema "sisi tumechanganyika" walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko vitabu vingi.

Mzazi amzoeze mtoto pia kuyatilia shaka majina ya matukio. Mwaka 1888 watu wa pwani, kuanzia Pangani, walisimama dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuja kupandisha bendera yake baada ya kukodishiwa mwambao na Sultani Khalifa bin Said. Kitabu cha mtoto kinaita Vita vya Abushiri. Wajerumani waliiita "uasi wa Waarabu." Kwa nini Waarabu? Walikuwemo watu wa kila namna. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana mpaka mwaka 1890, alikuwa Mzigua. Lakini huko Berlin ilitakiwa fedha ya vita, na fedha ilitoka kwa urahisi zaidi vita ilipoitwa ni ya kuwazuia Waarabu wauza watumwa. Jina likafanya kazi ya kuombea fedha. Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na jina likabaki vitabuni.

Na hapo tumefika kwenye swali ambalo wazazi wengi wa Kiislamu wanaliogopa. Mtoto anarudi shuleni kanywea. Darasani wamesoma biashara ya utumwa, na mwenzake kamwambia, "Nyinyi Waislamu ndio mliotuuza." Nyumbani anauliza, "Mama, kweli?"

Wapo wazazi wanaomjibu kwa hasira kwamba yote ni uongo wa wamisionari. Nasema wazi, ndugu zangu, jibu hilo ni baya kuliko lile la kitabu. Kwanza si kweli, na Muislamu hafundishi mtoto wake uongo kwa ajili ya kuitetea dini ya haki. Pili, mtoto huyo siku moja atasoma mwenyewe. Atakikuta kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichochapishwa kwa Kiswahili chake mwenyewe mwaka 1902 na 1903, na humo hakuna mmisionari anayemsemea. Siku hiyo atakuuliza wewe ulikuwa unamficha nini, na huenda asikuulize tena jambo lolote.

Keti naye. Chukueni karatasi na muulizane: nani alikamata, nani aliuza, nani alinunua, nani alitoa mtaji, nani alifaidi, na mali ilikwenda wapi? Kila swali lipate jibu lake. Mtakuta walikuwepo Waarabu na Waswahili wenye misafara na mashamba, Waislamu waliokuwa wakiswali na kufunga. Tusiwatoe. Mtakuta walikuwepo watemi wa bara na wafanyabiashara wa Kiyao na Kinyamwezi waliopeleka watu pwani. Mtakuta matajiri wa Kihindi wa Unguja waliokopesha mitaji ya misafara. Mtakuta Wafaransa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Mtakuta mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliyotaka mikono. Na mtakuta pembe za ndovu zilizoletwa na misafara hiyo hiyo zikisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kutengenezwa vibonye vya piano, na meli za Marekani zikileta kitambaa ambacho bibi zetu wanakiita merikani mpaka leo. Neno hilo peke yake ni ushahidi. Mtoto amuulize bibi yake kwa nini kitambaa kinaitwa hivyo.

Kisha muulizane nani aliikomesha, na lini. Kitabu kitasema Waingereza, na ni kweli walishinikiza. Walianza na mkataba wa mwaka 1822, ukafuata wa 1845, na tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash akafunga soko la Unguja. Lakini utumwa wenyewe, yaani hali ya mtu kumilikiwa, ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Na bara je? Hao Wajerumani walioomba fedha za vita kwa jina la kuwakomboa watumwa walitawala Tanganyika mpaka Vita Kuu ya Kwanza bila ya kuufuta utumwa. Walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza. Mtoto akiziweka tarehe hizo kwenye mstari mmoja, ataona mwenyewe nani alisema nini na nani alifanya nini, na wala huhitaji kumhutubia.

Kuhusu dini, mwambie ukweli wote. Qur'an imeifanya kazi ya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa kadhaa, na katika Suratul Balad imeitaja kuwa sehemu ya ule mlima mgumu wa kuupanda. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye kumuuza mtu huru na akala thamani yake, Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Sasa wale waliovamia vijiji usiku wakateka watu huru na kuwafunga minyororo mpaka Kilwa Kivinje, walikuwa wanaifuata dini au walikuwa wanaivunja? Mtoto atajibu mwenyewe. Atakwenda shule bila ya kuona haya kwa dini yake na bila ya kumdanganya mwenzake. Na huyo mwenzake, akiona kwamba kijana wa Kiislamu ndiye anayejua habari hizi kwa undani kuliko darasa zima, ataheshimu.

Utasema, yote haya mazuri lakini mtihani unataka jibu la kitabu. Ni kweli. Msahihishaji ana mwongozo wake na hana muda wa Ibn Battuta. Kwa hiyo tusimpeleke mtoto kwenye chumba cha mtihani akiwa mbishi. Afundishwe kutofautisha kazi mbili. Kwenye mtihani wa taifa aandike kinachotakiwa na kitabu, kwa mpangilio, na akipata nafasi aongeze sentensi moja ya ushahidi. Kwenye kazi ya nyumbani, ambako mwalimu ana nafasi ya kusoma, aandike: kwa mujibu wa kitabu ni hivi, lakini kwa mujibu wa fulani ni hivi. Neno "kwa mujibu wa" ni ufunguo, na walimu wengi wanalipenda.

Mwalimu akiweka alama ya kosa mahali ambapo una hakika mtoto yuko sahihi, usiende shuleni kwa kishindo wala usimseme mbele ya mtoto. Nenda na kitabu, umsalimie, umwambie, "Mwalimu, mtoto alisoma hapa, naomba unisaidie tuelewane." Mwalimu ana darasa lililojaa na kitabu kimoja kwa watoto kadhaa. Mara nyingi atashukuru. Asiposhukuru, mtoto ameshajua, na alama moja haimuui mtu.

Na ile simu? Sisemi itupwe. Hizo programu zinajua mengi. Lakini sanadi ya jibu lake huioni, na pale isipojua huweza kukutungia jina na mwaka kwa sauti ile ile ya kujiamini. Kwa hiyo itumike baada ya mtoto kuandika lake, si kabla, na kila inachosema kiulizwe kama tunavyomuuliza binadamu: kimeandikwa wapi? Akikuta kitabuni, sawa. Asipokikuta, asikiandike.

Kwa walioko Dar es Salaam ninayo kazi ya Jumamosi hii, haina gharama zaidi ya nauli ya daladala. Mpeleke mtoto kwenye sanamu ya askari pale Posta. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita ya 1914 hadi 1918. Pale pale, enzi za Wajerumani, palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyemnyonga Abushiri, na Waingereza wakaiondoa. Mwache mtoto aizunguke polepole. Atakuta maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Muulize: kwa nini Mwingereza wa mwaka 1927 aliona lazima aandike hivyo? Alikuwa anataka nani asome? Na watu hao walijifunza kusoma wapi, kabla ya shule za serikali kuenea?

Kutoka hapo tembeeni mpaka Kariakoo. Vitabu vinasema jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliowekwa eneo lile, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa maradhi na njaa. Lakini kabla ya kumwambia, mwache kwanza awaulize wazee wawili, mmoja pale kwenye baraza ya msikiti na mwingine nyumbani. Wakitofautiana, asichague. Jumatatu aende shuleni na majibu yote mawili daftarini, na pembeni ya kila jibu aandike jina la aliyelisema na umri wake.